Mpishi Asiyewasha Moto

Kisu cha kufungulia chaza ni butu. Ukikipitisha kidoleni hakikati, na anayekiona kwa mara ya kwanza hudhani ni kifaa kilichochakaa ambacho jikoni wamesahau kukinoa. Bapa lake ni nene na fupi, ncha imechongoka kidogo, na mpini unajaa kiganja. Kazi yake ni kupenya mahali pasipoonekana upenyo, kisha kupindwa kwa nguvu bila kukunjika. Ukali ungekuwa hasara. Ungekata nyama pale inapotakiwa kubanduliwa tu, na siku kisu kikiteleza kingezama kwenye kiganja cha mkono wa pili.

Nimewatazama mafundi wa kisu hicho kwenye Grand Central Oyster Bar, mkahawa ulio chini ya stesheni kuu ya treni jijini New York, na nitasema wazi kwamba macho yangu yalikaa kwenye mikono yao kuliko kwenye sahani. Mezani ukiagiza chaza unaletewa sinia lenye barafu na kila kitu kimeshapangwa. Kwenye kaunta unauona ufundi wenyewe, maana fundi anasimama mbele yako akiwa na lundo la magamba mabichi, na hana sufuria wala mvuke wa kujifichia.

Humlaza chaza juu ya kitambaa kilichokunjwa. Gamba lenye kina hukaa chini, gamba bapa juu, na ile ncha nyembamba yenye bawaba, mahali magamba mawili yanaposhikana, huelekea upande wa mkono wa kisu. Ncha ya kisu huingizwa hapo, ikisukumwa kidogo na kutikiswa kidogo. Mabega hayafanyi kazi. Kifundo cha mkono ndicho kinachofanya. Kisha kisu huzungushwa kama ufunguo ndani ya kufuli, na husikika mlio mfupi mkavu. Hapo ndipo mwanagenzi hufurahi na kuharibu kila kitu kwa kulivuta gamba la juu. Fundi hutulia. Hufuta kisu, kwa sababu bawaba huhifadhi tope, na tope likiingia ndani halitoki tena. Halafu hukirudisha, safari hii akikilaza chini ya gamba la juu na kukitelezesha kwa ubapa hadi kiguse msuli.

Chaza ana msuli mmoja mkubwa, na uhai wake wote umetundikwa hapo. Ukikaza, nyumba imefungwa na maji yake ndani. Ukilegea, kaa na kiti cha pweza wanaingia. Fundi huukata msuli huo juu kabisa, karibu na gamba, asiache kipande kikining'inia. Gamba la juu huinuliwa na kutupwa. Kisha kisu hupita chini ya nyama, huukata upande wa pili wa msuli, na wengine humgeuza chaza ndani ya gamba lake ili upande laini na mnono uwe juu. Yote hayo huchukua sekunde chache, na wakati wote gamba la chini halijainama hata kidogo, kwa sababu ndani yake mna maji ambayo fundi hana haki ya kuyamwaga. Ni maji ya hori alikotoka chaza, yaliyochanganyika na utomvu wa mwili wake. Yakimwagika, unachokula ni nyama laini isiyo na mengi ya kusema.

Hapa ndipo ninapoushangaa ufundi huu. Mpishi wa kawaida husifiwa kwa alichoongeza: moto, viungo, mchuzi, saa za kusubiri. Huyu husifiwa kwa kutoongeza kitu. Sahani yake ikiwa kamili, mlaji haoni dalili kwamba kuna mtu aliyepita hapo. Hakuna kibanzi cha gamba wala chembe ya mchanga, tumbo halijatobolewa, na ukingo mweusi wa nyama uko mzima kuzunguka pande zote. Kila alama anayoiacha ni kosa. Kwenye tamasha la chaza la Galway, Ireland, lililoanza mwaka 1954, mashindano ya kufungua chaza huhesabiwa hivyo hasa. Mshindani hufungua chaza 30, saa inakwenda, kisha waamuzi huinamia sinia na kumwongezea sekunde kwa kila dosari: nyama iliyochanwa, uchafu, chaza asiyebanduliwa sawasawa, tone la damu ya mfunguaji. Mwenye kasi kuliko wote anaweza kushuka hadi mkiani baada ya waamuzi kupita. Nauona ni utaratibu wa haki.

Na chaza hawafanani. Chaza wa Atlantiki ya Marekani ana gamba gumu na bawaba nene, anataka subira. Chaza wa Pasifiki, ambaye asili yake ni Japani, ana gamba lililojaa mikunjo na kingo zinazomeguka, na ukimbana kama yule wa kwanza atakumwagia vibanzi ndani. Chaza bapa wa Ulaya ana mwili wa duara na bawaba isiyokubali kisu kwa urahisi. Wafaransa wengi hawahangaiki na bawaba. Huingilia ubavuni, karibu na ulipo msuli, wakiukata kabla gamba halijajua kinachotokea. Fundi wa New York akipokea oda ya mchanganyiko hubadili mkono kwa kila chaza, tena bila kusimama kufikiri. Pia hutangulia kusikia kabla ya kuona. Chaza wawili wazima wakigonganishwa hutoa mlio wa mawe. Aliyekufa hutoa mlio wa kitu kitupu, na yule aliyeachama ambaye hafungi hata akigongwa huenda pipani bila mjadala. Mkono mmoja unafungua huku sikio likikagua anayefuata.

Mkahawa wenyewe ulifunguliwa mwaka 1913, mwaka ule ule wa stesheni ya Grand Central iliyo juu yake. Dari yake ni matao ya vigae kutoka kampuni ya Rafael Guastavino, mjenzi aliyehamia Marekani kutoka Hispania na njia ya ujenzi ya kwao: vigae vyembamba vinavyopangwa tabaka juu ya tabaka kwa saruji inayoshika haraka, hadi tao linajibeba lenyewe. Mwaka 1997 moto uliwaka humo na vigae vingi vikaharibika, ikabidi vipangwe upya. Ni dari nzuri na ni dari mbaya. Nzuri kwa macho, mbaya kwa masikio, kwa kuwa matao hurudisha kila sauti, na saa ya chakula cha mchana kelele za vijiko, magamba na wafanyakazi wa ofisini hukutana juu ya kichwa chako. Nje ya mlango kuna pembe maarufu ambapo mtu akinong'ona ukutani, mwenzake aliyesimama pembe ya pili humsikia vizuri. Ndani hata ukipiga kelele, jirani atakuomba urudie.

Orodha ya chaza ubaoni inaweza kupita aina 20, na majina yake ni majina ya mahali: Wellfleet ya Massachusetts, Malpeque ya Kanada, Blue Point ya Long Island, Kumamoto iliyopewa jina la mkoa wa Japani ilikotoka. Mgeni hudhani ni viumbe 20 tofauti. Sivyo. Pwani yote ya mashariki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Ghuba ya Meksiko, ina karibu aina moja tu ya chaza. Kinachobadilika ni maji. Chaza huchuja maji mchana na usiku ili apate vijimea vya kula, na mkubwa mmoja anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Mwenye kukaa karibu na mlango wa mto, kama ghuba ya Chesapeake, chumvi yake ni ndogo na utamu wake unajitokeza. Wa Wellfleet, anayeoshwa na maji ya bahari, hukupiga kwa chumvi kwanza halafu ndipo utamu unafuata. Udongo wa chini, kasi ya mkondo, baridi ya maji na vijimea vya msimu huo vyote huacha kitu mdomoni. Watu wa Blue Point walilichukulia jambo hili kwa uzito hadi sheria ya jimbo la New York ya mwaka 1908 ikaamua kwamba asiitwe kwa jina hilo chaza ambaye hajakaa angalau miezi 3 kwenye maji ya Great South Bay.

Msimu nao una neno. Majira ya baridi yakikaribia, chaza hujilimbikizia glaikojeni, akiba ya kumvusha miezi atakayokuwa hali chochote, na hapo ndipo huwa mnono na mtamu. Kiangazi huigeuza akiba ile kuwa mayai na mbegu, akawa mlegevu na mwenye maziwa. Ndiyo maana zamani watu wa huko hawakumla miezi ya joto. Siku hizi wafugaji hupanda chaza wenye seti 3 za kromosomu badala ya 2, wasiojishughulisha na uzazi, wakabaki wanono mwaka mzima. Nimewala hao, na sina la kuwalaumu. Lakini chaza wa Novemba kutoka maji baridi ni jambo jingine, na atakayekuambia hakuna tofauti huenda alimmeza bila kumtafuna.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki chaza si mgeni kwetu. Yuko kwenye miamba na kwenye mizizi ya mikoko, gamba la chini limeganda kwenye jiwe hata mawimbi ya kusi hayamng'oi. Maji yakipwa bamvua, wanawake huteremka na ndoo na kipande cha chuma, wakagonga gamba la juu na kuchokoa nyama, gamba la chini likabaki mwambani. Nao ni ufundi, wenye uharaka wake, maana maji hayangoji. Ila nyama hiyo mara nyingi huenda jikoni, ikachemshwa, ikakaangwa au ikatiwa nazi. Wapwani wengi hawana tatizo la dini hapo. Kwa madhehebu ya Shafi, kiumbe wa baharini ni halali. Tatizo ni ubichi. Nimewaona ndugu zetu wanaoishi Marekani wakikaa kwenye kaunta za namna hii kwa mwaliko wa wakubwa wao wa kazi, wakimtazama chaza juu ya barafu naye akiwatazama, hadi mtu akawasogezea ndimu. Ndimu iliwapa ujasiri. Pilipili ingewapa zaidi.

Hofu yao si ya kijinga. Kiumbe anayechuja maji hukusanya kilichomo majini, kizuri na kibaya. Majira ya baridi ya mwaka 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyoletwa na chaza kutoka maji yaliyochafuliwa na maji taka iliwapata watu wapatao 1,500 katika miji ya New York, Chicago na Washington, na takriban 150 wakafariki. Hapo ndipo mfumo wa taifa wa kusimamia usafi wa chaza ulipozaliwa, mwaka 1925. Mpaka leo kila gunia linaloingia mkahawani Marekani lazima liwe na lebo inayosema walivunwa wapi, lini na nani. Gunia likiisha lebo haitupwi. Hutunzwa siku 90, kwa sababu maradhi mengine, kama homa ya ini aina ya A, huchukua wiki kadhaa kabla ya kujitokeza, na daktari akiuliza lazima pawe na karatasi ya kujibu.

Kwa hiyo nusu ya ustadi ule unaouona kaunta umefanyika mahali usipopaona. Chaza huletwa kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 7 za Selsiasi. Huhifadhiwa gamba la kina likiwa chini, asije akamwaga maji yake usiku. Hufunikwa kitambaa kibichi, wala hatumbukizwi kwenye maji matamu, kwa kuwa yangemuua. Husuguliwa kwa brashi kabla ya kufika mbele yako. Mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu huelezwa wazi asile wabichi, maana bakteria wa Vibrio wa maji ya joto hawana huruma na mtu wa namna hiyo. Mkahawa unaoficha onyo hilo kwa maandishi madogo mno siuamini, hata uwe na vitambaa vya meza vyeupe namna gani.

Kaunta ya vyakula vibichi, kwa kweli, si ya vibichi vitupu. Kamba wakubwa walio juu ya sinia wamechemshwa na kupozwa, na kamba-koche naye vilevile, na miguu ya kaa pia. Wabichi ni chaza na kombe, wale wanaojifukia mchangani. Kombe hufunguliwa kwa njia nyingine kabisa: hana pa kupenya kwenye bawaba, basi fundi humkumbatia kiganjani, huweka kisu chembamba kati ya midomo ya magamba, na kukikaza kwa vidole vya mkono uliomshika. Kisu hakisukumwi, kinavutwa ndani. Anayefungua chaza vizuri si lazima awe hodari wa kombe, na mafundi wanajuana nani ni nani.

Anasa hii ya chaza jijini New York ina mwanzilishi, naye alikuwa mtu mweusi. Thomas Downing alizaliwa mwaka 1791 katika kisiwa cha Chincoteague, jimbo la Virginia, kwa wazazi walioachwa huru kutoka utumwani. Kisiwani huko mtoto alijifunza chaza jinsi mtoto wa Lamu anavyojifunza ngalawa. Alifika New York mwaka 1819, akawa anavua chaza upande wa pili wa mto Hudson, na mwaka 1825 akafungua nyumba yake ya chaza katika mtaa wa Broad, hatua chache kutoka kwenye mabenki na ofisi za forodha.

Jiji wakati ule lilijaa chaza. Bandari yake ilikuwa na miamba yao mikubwa, na waliuzwa kwenye mikokoteni kwa fukara na tajiri sawasawa. Kulikuwa na vyumba vya chini ya ardhi ambako mtu alilipa senti 6 akala hadi achoke. Vyumba hivyo vingi vilikuwa na sifa mbaya, na mfanyabiashara mwenye heshima hakumpeleka mkewe humo. Downing ndiye aliyeweka vioo, mapazia ya thamani, zulia na taa za kuning'inia, akamfanya chaza kuwa chakula cha watu wa benki. Inasimuliwa kwamba usiku alipiga makasia kwenda kukutana na mashua za chaza kabla hazijafika gatini, akachagua wazuri kwa bei aliyoitaka, kisha akarudi gatini na kuingia kwenye mnada kama kawaida, akipandisha bei ili wenye mashua wasipate hasara kwa washindani wake. Jambo hilo lina ujanja na lina wema ndani yake, na wavuvi walimwekea wazuri siku zote. Chaza wake wa siki walivuka bahari hadi kwa Malkia Victoria, aliyemtumia saa ya dhahabu kwa shukrani.

Juu, wanasiasa na mabwana wa hisa walikula. Chini, kwenye ghala lake, walifichwa watu waliotoroka utumwani wakielekea Kanada. Mwanawe George alikuwa miongoni mwa wapiganaji wa kufuta utumwa. Downing alipofariki mwaka 1866, Chemba ya Biashara ya New York ilifunga ofisi zake kwa heshima yake. Sijui mfungua chaza mwingine aliyefungiwa ofisi namna hiyo. Wala hakuwa peke yake: kisiwani Staten, kijiji cha Sandy Ground kilijengwa na weusi huru waliotoka Maryland wakiishi kwa kuvua chaza, na katika nyumba za kufungulia chaza za Chesapeake mikono iliyoshika visu ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya weusi, wanaume na wanawake, wakilipwa kwa ujazo wa galoni. Leo katika kaunta nyingi za New York utasikia Kihispania. Kazi hii imepita kwa wageni na wanyonge zamu baada ya zamu, na kila zamu imeiongezea ujuzi wake.

Bei sasa ni nyingine. Chaza mmoja katika mkahawa mzuri wa New York anaweza kugharimu dola 3 hadi 5, na 12 ndiyo oda ya kawaida. Kwa hesabu ya shibe hiyo ni wizi. Hutoki umeshiba, unatoka na hamu ya mkate. Ila ukihesabu miaka 2 au 3 ambayo mfugaji amemgeuza na kumsafisha chaza huyo ndani ya vikapu, mnyororo wa baridi usiotakiwa kukatika hata kwa mchana mmoja, lebo, brashi, na mtu aliyesimama mbele yako akifungua mamia kwa zamu bila kuharibu, unaweza kuilipa bila kununa. Mimi nailipa huku nikinuna kidogo.

Kula nako kuna adabu, na hapa kila mtu ana mahubiri yake. Mahubiri yangu ni mafupi. Wa kwanza mle hivi hivi, bila kitu, ili ujue unakula nini. Anza na wale wa chumvi kidogo, nenda ukipanda, na wale wa ladha ya shaba, kama chaza wadogo wa Olympia au chaza bapa wa Ulaya, waache mwisho kwa sababu baada yao ulimi hausikii kitu. Kumamoto, mdogo mwenye gamba la kina, ana harufu ya tikiti na ndiye wa kumpa mwoga. Usimeze mzima, tafuna mara mbili tatu, utamu uko tumboni mwake na hautoki bila meno. Kunywa maji yaliyobaki kwenye gamba. Siki yenye vitunguu vidogo vilivyokatwa na pilipili manga iliyopondwa inafaa kwa matone. Ndimu pia. Ule mchuzi mwekundu wa tomato wenye mzizi mkali unaopanda puani, ambao Wamarekani wanaupenda, unawafaa kamba waliochemshwa, na huko ndiko ukae. Nimemwona mteja akizamisha chaza wa bei ghali katika mchuzi huo mpaka asionekane. Fundi aliona pia. Hakubadili uso, na chaza aliyefuata alimfungulia mtu yule yule kwa uangalifu ule ule, maji hadi ukingoni.

Gamba likirudishwa sinia limepinduliwa, mdomo chini, ni ishara ya zamani kwamba limeliwa. Mtumishi huyakusanya na kuyamimina kwenye ndoo, na katika mikahawa mingi ya New York ndoo hizo haziendi jalalani. Tangu mwaka 2014 mradi uitwao Billion Oyster Project, uliochipuka katika shule ya mambo ya bandari kisiwani Governors, huyachukua magamba ya mikahawa, huyaanika nje kwa mwaka mzima hadi jua na mvua viyasafishe, kisha huyatia kwenye matangi yenye vichanga wa chaza. Kichanga wa chaza huelea wiki 2 au 3 tu maishani mwake. Baada ya hapo hutafuta kitu kigumu cha kujigandisha, na hakuna kinachomvutia kuliko gamba la chaza mwenzake. Yakishashikwa hurudishwa bandarini. Lengo ni chaza bilioni 1 kufikia mwaka 2035, kwa ajili ya kuchuja maji na kupunguza nguvu ya mawimbi kwenye fukwe.

Miamba ya chaza ya kuliwa ya bandari hiyo, ile iliyomlisha Downing na wateja wake, ilifungwa kwa sababu ya uchafu, na ya mwisho ilifungwa mwaka 1927. Mvua kubwa ikinyesha hadi leo maji taka ya jiji humwagika humo, kwa hiyo chaza wapya wanaopandwa hawaruhusiwi kuliwa. Mteja wa kaunta anaweza kuagiza chaza wa Kanada, wa Massachusetts, wa jimbo la Washington na mwenye asili ya Japani, wote kwenye sinia moja. Wa pale pale, anayekaa umbali wa mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye kiti chake, ndiye ambaye fundi hatamfungulia.